Goti lililokwama wiki saba baada ya kuumia: uchambuzi wa kisa cha mchezaji wa netiboli

Usuli

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka ishirini na ushei, mfanyakazi wa ofisini na mchezaji wa netiboli wa timu ya taasisi moja nchini Tanzania. Kabla ya tukio hili hakuwahi kuumia goti lolote. Mji, timu, vituo vilivyomhudumia na tarehe vimeondolewa. Mpangilio wa matukio umebaki vilevile.

Mchezo wenyewe unaeleza nusu ya jeraha. Kwenye netiboli, aliyedaka mpira hana ruhusa ya kukimbia nao. Mguu uliotua kwanza anaweza kuuzungukia, lakini akishauinua haruhusiwi kuurudisha chini kabla mpira haujatoka mkononi. Kwa hiyo mchezaji anatua, anasimama ghafla na kugeuza mwili, unyayo ukiwa umeng'ang'ania sakafu. Uwanja ukiwa wa sementi na kiatu kikiwa cha soli ya mpira, mzunguko wote huishia kwenye goti.

Goti lina kano mbili za msalaba ndani yake. Ya mbele huuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja na usizunguke kupita kiasi. Ya nyuma huuzuia usirudi nyuma. Pembeni ziko kano mbili, ya ndani na ya nje, zinazozuia goti lisifunguke kama kitabu. Katikati ya mifupa zimelala meniskasi mbili, vipande vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga, na ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu jingine, jeupe na laini. Katika kisa hiki, miundo mitatu kati ya hiyo iliumia. Mmoja ulikatika siku ya kwanza, na siku hiyo haukutambuliwa.

Siku ya kuumia

Aliruka kudaka pasi ya juu, akatua kwa mguu wa kulia goti likiwa limekunjwa kidogo tu, kisha akageuka kushoto kumtafuta mwenzake. Goti liliingia ndani, likaalika, naye akaanguka. Hakuweza kuendelea na mchezo. Walipofika kituo cha afya, muda usiofika saa moja baadaye, uvimbe ulikuwa umeshafuta umbo la pia ya goti.

Tabibu wa zamu alimwangalia akiwa amelala kitandani, suruali ya michezo ikiwa imekunjwa hadi juu kidogo ya goti. Mguu wa kushoto haukuguswa. Alijaribu kipimo cha droo ya mbele, yaani kukunja goti, kukalia unyayo kidogo na kuvuta muundi mbele. Goti halikukunjika kufikia digrii 90 kwa maumivu, hivyo alivuta lilipofikia. Aliandika: "Goti la kulia limevimba, maumivu makali, droo hasi, hakuna ulegevu." Kesho yake picha ya eksirei ilipigwa hospitali ya wilaya na majibu yakasema hakuna mvunjiko. Mgonjwa akaambiwa goti limeteguka, akapewa diklofenaki ya siku tano na bendeji ya kuvutika, akatakiwa kupumzika wiki mbili. Hakupangiwa tarehe ya kurudi.

Kuagiza eksirei ulikuwa uamuzi sahihi. Kanuni za Ottawa za goti, zinazotumika kuamua nani apigwe picha baada ya kuumia, zinataka picha kwa mwenye umri wa miaka 55 au zaidi, mwenye maumivu ya pia peke yake, mwenye maumivu ya kichwa cha mfupa mwembamba wa nje wa mguu, asiyeweza kukunja goti digrii 90, au asiyeweza kupiga hatua nne pale alipoumia na pale kituoni. Mgonjwa huyu alikuwa na sababu mbili za mwisho. Tatizo lilianza baada ya picha, pale ambapo majibu ya mifupa yalichukuliwa kuwa majibu ya goti zima.

Wiki ya kwanza hadi ya saba

Nyumbani alichuliwa kwa mafuta ya moto siku nne mfululizo, na kila baada ya kuchuliwa uvimbe ulizidi. Wiki ya tatu aliacha kuchechemea sana. Wiki ya tano alipanda ngazi bila kushika ukuta, ila kila akigeuka ghafla alihisi goti likimtoroka. Hili hakulieleza kwa yeyote kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na maumivu yalikuwa yamepungua.

Wiki ya saba alirudi mazoezini. Zoezi la tatu lilikuwa la kukimbia na kugeuka kwenye koni. Goti likateguka tena, safari hii kwa maumivu makali upande wa ndani, na alipojaribu kusimama mguu haukunyooka. Siku tano alitembea kwa ncha ya kidole akingoja liachie lenyewe. Halikuachia.

Uchunguzi wa wiki ya nane

Aliyemchunguza alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya rufaa. Uchunguzi huu unaelezwa kwa urefu kwa sababu ndio uliobadilisha njia ya kisa chote, na haukuhitaji kifaa chochote zaidi ya utepe wa kupimia, kipima pembe na taulo.

Ulianza na maswali.

"Dada, siku ile ya kwanza uliweza kumaliza mchezo?"

"Hapana, daktari. Nilibebwa."

"Kuvimba je? Kulianza siku ile ile au kesho yake?"

"Siku ile ile. Hata hatujafika kituoni goti lilikuwa limejaa."

Swali la pili lina uzito mkubwa kuliko linavyosikika. Goti linalojaa ndani ya saa mbili limejaa damu. Goti linalovimba taratibu hadi kesho yake mara nyingi limejaa maji ya utando uliokereka, jambo la kawaida zaidi kwa meniskasi iliyochanika peke yake. Katika magoti yaliyojaa damu baada ya kuumia bila mfupa kuvunjika, takriban saba kati ya kumi yana kano ya msalaba ya mbele iliyochanika. Mtu akisema goti lilialika, likajaa ndani ya saa moja na akashindwa kuendelea kucheza, mchunguzi anapaswa kuamini kano imekatika mpaka athibitishe vinginevyo.

Maswali yaliyofuata yalitenganisha kutoroka na kukwama. Goti linalotoroka humwachia mtu akiwa amelikanyaga, hasa akigeuka, na husema habari za kano. Goti linalokwama hukataa kunyooka, na husema habari za kitu kilichokaa katikati ya mifupa. Mgonjwa huyu alikuwa na yote mawili, kwa mpangilio: wiki za kutoroka kwanza, kukwama baadaye.

Kisha akavaa kaptura, miguu yote miwili ikawa wazi hadi juu ya paja, kanga ikamsitiri kiunoni, na muuguzi wa kike akabaki chumbani. Bila paja kuonekana hakuna uchunguzi wa goti. Kwa utepe, sentimita 15 juu ya ukingo wa juu wa pia, paja la kulia lilikuwa jembamba kwa sentimita 2.5. Kipimo hicho kisichukuliwe karibu sana na pia, kwa sababu maji ya goti hupanda hadi pale na kuficha kukonda kwa misuli.

Maji yaliyobaki yalikuwa machache, na pia ilipogongwa kwa kidole haikuelea. Kwa hiyo ulitumika ufagiaji. Kiganja kinasukuma kutoka upande wa ndani wa goti kwenda juu ya pia, mara mbili au tatu, hadi kibonyeo cha ndani kibaki kitupu. Kisha kinashuka upande wa nje kwa mkupuo mmoja huku jicho likiangalia ndani. Kiwimbi kidogo kilirudi. Wiki nane baada ya kuumia goti bado lilikuwa na maji, na goti lenye kano na gegedu nzima halibaki na maji muda wote huo.

Kunyooka kulipimwa kwa kuinua visigino vyote viwili pamoja, magoti yakining'inia. La kushoto lilizidi mstari ulionyooka kwa digrii 5. La kulia lilisimama likiwa limebakiza digrii 18. Ukiangalia goti moja tu, digrii chache zilizopotea hazionekani, kwa sababu wengi magoti yao hupita mstari ulionyooka. Kwa tofauti ndogo, mgonjwa alale kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda kuanzia juu ya pia, upimwe urefu kati ya visigino viwili: kila sentimita moja ni takriban digrii moja.

Bado kulikuwa na shaka moja ya haki. Misuli ya nyuma ya paja ikijikaza kwa maumivu, goti hukataa kunyooka ingawa ndani hakuna kilichokwama. Namna ya kutofautisha ni kikomo, yaani jinsi mwendo wa goti unavyosimama mwishoni. Misuli iliyojikaza inapinga tangu mwanzo, inatetemeka, na ukiisubiri inaachia kidogo kidogo. Kipande cha meniskasi kilichokaa kati ya mifupa kinaruhusu mwendo laini hadi pembe fulani, kisha kinarudisha mkono kwa kudunda. Mgonjwa alipewa taulo lililokunjwa chini ya goti na dawa ya maumivu, akapumzika nusu saa. Kisha akaombwa asukume kisigino kitandani kwa sekunde tano na kuachia, mara tano, njia inayolegeza misuli hiyo. Digrii zilibaki 18, na kikomo kikabaki cha kudunda.

Mapigo ya mishipa ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani yalikuwa sawa pande zote, aliweza kuinua unyayo, na alihisi mguso kati ya kidole gumba na cha pili. Hatua hii huchukua dakika moja na haiachwi, kwa sababu goti lililotoka kisha likarudi lenyewe linaweza kuonekana la kawaida huku mshipa nyuma yake umeumia. Aliinua mguu mzima kutoka kitandani, ishara kwamba kano ya pia na misuli ya mbele ya paja havikukatika. Kusukuma pia kwenda nje hakukumtia hofu.

Kupapasa kulianzia mbali na maumivu. Goti likiwa limekunjwa, kidole gumba kinawekwa kwenye kibonyeo laini pembeni mwa kano ya pia, ndipo mstari wa kiungo ulipo, kisha kinaufuata kurudi nyuma kidogo kidogo. Upande wa nje haukuuma. Upande wa ndani uliuma katikati na nyuma, juu ya mstari wenyewe. Chanzo cha kano ya ndani kwenye paja na mwisho wake kwenye muundi, sentimita kadhaa chini ya mstari, havikuuma. Maumivu yaliyo juu ya mstari tu yanaelekeza kwenye meniskasi. Yanayopanda na kushuka kuufuata mkanda wa kano yanaelekeza kwenye kano.

Kabla ya kuvuta chochote mbele, iliangaliwa kano ya nyuma. Magoti yote yakakunjwa digrii 90, nyayo kitandani, na yakatazamwa kwa upande. Ukingo wa mbele wa muundi, upande wa ndani, kwa kawaida umetokeza takriban sentimita moja mbele ya mfupa wa paja, na kidole gumba kinaweza kuugusa kama ngazi ndogo. Kano ya nyuma ikikatika, ngazi hiyo hupotea kwa sababu muundi umeanguka nyuma. Mchunguzi asiyeangalia hili huvuta muundi kutoka nyuma hadi mahali pake pa kawaida, akahisi mwendo mkubwa, akaandika kwamba kano ya mbele imekatika. Hapa ngazi ilikuwepo pande zote mbili.

Kikaja kipimo cha Lachman, kilichoelezwa na Joseph Torg na wenzake mwaka 1976 na kupewa jina la John Lachman wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia. Goti hukunjwa digrii 20 hadi 30. Mkono mmoja hushika paja juu kidogo ya pia na kulizuia lisitembee. Mwingine hushika muundi kwa nyuma, kidole gumba kikiwa mbele karibu na kinundu cha chini ya pia, kisha huvuta mbele kwa mkupuo mfupi. Paja likiwa nene kuliko kiganja, mchunguzi huweka goti lake mwenyewe au taulo lililokunjwa chini ya paja la mgonjwa, na kubonyeza paja chini badala ya kulikamata. Goti lisiloumia hupimwa kwanza, ili mkono ujue kawaida ya mtu huyu, na mgonjwa ajue kipimo hakiumizi.

Mambo mawili husomwa: umbali na kikomo. Tofauti ya milimita 3 hadi 5 kati ya magoti ni daraja la kwanza, 5 hadi 10 la pili, zaidi ya 10 la tatu. Kikomo kigumu, kinachosimama ghafla, ni kano nzima. Kikomo laini, kinachoyeyuka bila kusimama, ni kano iliyokatika. Goti la kushoto lilisimama kwa ghafla. La kulia lilitembea milimita 3 au 4 zaidi, kisha likasimama, lakini usimamaji wake ulikuwa wa kudunda, haukufanana na wa kushoto.

Mwingine angeandika "Lachman hasi". Mtaalamu huyu aliandika: "Lachman haiwezi kutafsiriwa; goti limekwama digrii 18, kikomo si cha kawaida." Alijua kwamba kipande cha meniskasi kilichoviringika mbele kinaweza kuuzuia muundi usiende mbele, kikachukua kazi ya kano isiyokuwepo.

Vipimo vya kano za pembeni hufanywa goti likiwa limenyooka kabisa na tena kwenye digrii 30. Likifunguka kwenye digrii 30 tu, kano ya pembeni imeumia peke yake. Likifunguka hata limenyooka, kifuko cha kiungo na pengine kano za msalaba zimekwenda nayo. Kwa goti lisilonyooka, nusu ya kipimo haiwezekani, na faili lilisema hivyo. Kwenye digrii 30 pande zote zilikuwa imara. Mgonjwa akiwa kifudifudi, nyayo zilizungushwa nje kwenye digrii 30 na 90 kutafuta jeraha la kona ya nyuma ya nje. Tofauti inayozidi digrii 10 ingekuwa dalili. Hazikutofautiana.

Vipimo vitatu viliachwa kwa makusudi. Pivoti, kipimo kinachoonyesha muundi ukiteguka na kurudi mahali pake, huanza na goti lililonyooka, na hili halikunyooka. McMurray na Thessaly hutafuta meniskasi kwa kuibana na kuizungusha. Meniskasi ambayo imeshakwama haihitaji kutafutwa, na kulilazimisha goti kunaweza kuchana zaidi kipande ambacho daktari angetaka kukishona.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoanza mazoezi ya kunyoosha goti. Ilikuwa rahisi kumpa ratiba ya wiki sita, na wengi hupewa. Lakini goti lililozuiwa na kipande cha gegedu halinyooki kwa mazoezi. Linaponda kipande na kukwangua gegedu la ncha za mifupa. Alipewa magongo, mazoezi ya kukaza misuli ya paja ndani ya pembe isiyouma, na rufaa iliyoandikwa "goti lililokwama, aonwe wiki hii".

Daktari bingwa wa mifupa aliomba eksirei ya zamani kabla ya kuagiza mpya. Kwenye ukingo wa nje wa muundi, chini kidogo ya kiungo, kulikuwa na kibanzi cha mfupa chembamba kama ganda la mchele. Huo ni mvunjiko wa Segond, ulioelezwa na daktari wa upasuaji Paul Segond huko Paris mwaka 1879, na karibu kila unapoonekana kano ya msalaba ya mbele imekatika. Ulikuwepo kwenye picha tangu siku ya pili.

Kipimo cha MRI, picha ya sumaku inayoonyesha hata kano na gegedu, kilipatikana baada ya siku tisa. Kilionyesha kano ya mbele imekatika kabisa na meniskasi ya ndani imechanika kwa urefu, kipande chake cha ndani kikiwa kimeviringikia katikati ya goti kama mpini wa ndoo. MRI ilisaidia kupanga upasuaji. Rufaa haikuingoja, na hilo lilikuwa sahihi: kukwama kwa digrii 18 kwa kikomo cha kudunda kunatosha kumpeleka mgonjwa kwa mpasuaji hata pasipo mashine.

Swali gumu lilikuwa kushona meniskasi kwanza na kujenga kano baadaye, au yote siku moja. Kwa kujenga kano kwenye goti lisilonyooka kuna hatari ya goti kukakamaa. Kwa kushona meniskasi na kuacha kano kuna hatari ya uzi kukatika, kwa sababu goti linalotoroka linairarua tena. Uvimbe ulikuwa mdogo, goti lilikunjika zaidi ya digrii 120, na kilichozuia kunyooka ni kipande chenyewe. Wakachagua siku moja.

Chumba cha upasuaji

Mgonjwa alichunguzwa tena akiwa amelala kwa dawa. Kamera ikaingizwa, kipande kikarudishwa mahali pake, na goti likanyooka kabisa. Lachman ikarudiwa palepale: muundi ulitembea zaidi ya milimita 10 bila kikomo. Pivoti ikawa chanya wazi. Goti ni lile lile, na mikono ya wazoefu vilevile. Kilichobadilika ni kwamba kipande hakikuwa tena njiani.

Meniskasi ilikuwa imechanika karibu na ukingo wake wa nje, ambako damu hufika, na ikashonwa. Kano mpya ilitengenezwa kutokana na kano za misuli ya nyuma ya paja la mguu uleule. Jambo moja halikuonekana vizuri kwenye MRI wala kwa mikono: gegedu jeupe la mfupa wa paja, upande wa ndani, lilikuwa limekwanguka eneo la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Matokeo

Wiki sita alitembea kwa magongo akikanyaga kwa uzito wa sehemu, goti lisikunjwe kupita digrii 90. Kuchuchumaa kulikatazwa miezi minne. Katazo hili lina maana ndogo kwa mtu mwenye choo cha shimo nyumbani asipoelezwa la kufanya, na hapa fundi seremala alitengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo kabla ya siku ya upasuaji.

Miezi sita baadaye goti lilinyooka sawa na la kushoto. Miezi tisa, umbali aliofika kwa kuruka mguu mmoja ulikuwa asilimia 82 ya mguu wa kushoto, na hakuruhusiwa kucheza ingawa aliomba sana. Miezi kumi na mbili ulifika asilimia 93, Lachman ikawa na kikomo kigumu, akarudi uwanjani. Goti bado huvimba kidogo akisimama kutwa nzima, na hilo linatokana na gegedu lililokwanguka.

Uchambuzi

Tabibu wa siku ya kwanza hapaswi kulaumiwa kwa kutokuikuta kano iliyokatika. Goti bichi lililojaa damu huwashinda wengi. Katika muhtasari wa tafiti, droo ya mbele hugundua karibu nusu tu ya kano zilizokatika katika siku za mwanzo, wakati Lachman hugundua takriban 85 kati ya 100. Sababu zinaeleweka: kwa goti lililokunjwa, misuli ya nyuma ya paja iko mahali pazuri zaidi pa kuuvuta muundi nyuma, na pembe ya nyuma ya meniskasi ya ndani hukaa kama kabari chini ya mfupa wa paja. Damu nayo huzuia goti kufika digrii 90. Pivoti kwa mgonjwa aliye macho hugundua takriban robo tu, ingawa ikiwa chanya karibu haikosei.

Kilichoharibu ni maneno mawili, "hakuna ulegevu". Kipimo kilifanywa kwenye pembe isiyotajwa, bila kulinganisha na mguu mwingine, misuli ikiwa imekaza, kisha kikaandikwa kama jibu kamili. Aliyefuata alisoma hilo, akaona eksirei "safi", akafunga mlango. Maneno "haikuweza kupimwa kwa maumivu, arudi baada ya siku 7 hadi 10" yangemrudisha wakati damu imepungua na kabla meniskasi haijachanika.

Tarehe ya kurudi ndiyo dawa iliyokosekana. Ingegharimu mstari mmoja wa wino.

Kuchua kwa mafuta ya moto kuliongeza uvimbe na pengine maumivu, na mgonjwa aliyeumia goti aambiwe wazi asichuliwe wala asikandwe kwa moto siku za mwanzo. Lakini kusema kuchua ndiko kulikochana meniskasi si kweli. Iliyochana ni kurudi kwenye kona za kukimbia na goti lisilo na kano. Kwa wiki kadhaa kabla, goti lilikuwa likimtoroka, na pengine gegedu nalo lilikwanguka wakati huo. Familia inabebeshwa lawama mara nyingi kwa sababu ni rahisi kuilaumu.

Mtaalamu wa fiziotherapia alifaulu kwa mambo matatu. Alipima kwanza goti lisiloumia. Aliangalia kano ya nyuma kabla ya kuvuta mbele. Na alipopata kipimo kisichoeleweka, alikiandika kuwa hakieleweki na kueleza kwa nini. Hilo la tatu ndilo lililomfanya daktari bingwa arudie Lachman baada ya kurudisha kipande. Lingekuwa limeandikwa "hasi", kano ingeweza kuachwa na uzi wa meniskasi ungekatika baada ya miezi michache.

Kuhusu gegedu la ncha za mifupa, ukweli ni kwamba mikono ina mpaka. Hakuna kipimo cha kitandani kinacholigundua kwa uhakika. Ziko dalili za pembeni: maji yasiyokauka, msagiko unaouma chini ya kiganja goti likikunjwa na kunyooshwa, na kwenye goti bichi lililovutwa damu kwa sindano safi, matone ya mafuta yanayoelea juu ya damu, ambayo humaanisha mfupa umepasuka pamoja na gegedu. Hapa damu haikuvutwa, na kwa goti ambalo halikukakamaa kwa mjazo si lazima ivutwe.

Rufaa iliyofika kwa daktari bingwa ilikuwa na mistari sita tu: namna alivyotua, goti lilialika, lilijaa ndani ya saa moja, lilikuwa likimtoroka tangu wiki ya tano, limekwama digrii 18 kwa kikomo cha kudunda tangu wiki ya saba, Lachman haitafsiriki. Hakukuwa na jina la ugonjwa. Kila mstari ulikuwa kitu kilichoulizwa au kuguswa, na kutokana na hiyo sita mpasuaji alijua cha kutafuta kabla hajamwona mgonjwa.